Maziwa Tele, na Mwanangu Hakushiba

Nina umri wa miaka thelathini na minne, nina mume na watoto wawili, na ninaishi Mutsamudu katika nyumba ya mama yangu. Wanaoniona nikipita na wanangu hudhani ni hao tu niliowahi kuzaa. Si kweli. Yuko wa kwanza, msichana, aliyebaki katika udongo wa Moroni akiwa na wiki kumi na moja tu... Kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikiwaambia watu kwamba aliuawa na homa. Nilidanganya. Leo nataka kusema kweli.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu nilizaliwa Unguja, baba alipokuwa fundi cherehani huko, na tulirudi kwetu Mutsamudu, katika kisiwa cha Nzwani, nikiwa na miaka saba. Baba hakukubali tukisahau. Na pengine nimechagua lugha hii kwa sababu majirani zangu wengi hawaisomi. Mnisamehe, wasomaji wenzangu, lakini aibu ni kitu kizito.

Niliolewa na Saidi nikiwa na miaka ishirini na moja. Yeye pia ni mtu wa Mutsamudu, mpole, si msemaji. Desturi yetu mwanamke haondoki kwao. Mume ndiye anayemfuata mke nyumbani kwa wazazi wake. Lakini Saidi alipata kazi ya ukarani katika ghala moja kule Moroni, nami kwa mapenzi nikafungasha nguo zangu nikamfuata kisiwa kingine. Mama alinuna, ila hakunizuia. Tulipanga chumba na ukumbi nyuma ya soko la Volo Volo, na kabla mwaka haujaisha nilikuwa na mimba. Tukakubaliana kwamba ikikaribia siku yangu nitarudi kwa mama nikajifungulie huko.

Hiyo ilikuwa miaka ya mamluki. Wazungu wenye sare nyeusi ndio walioshika bunduki za nchi, na vijana wetu walikuwa askari wao. Watu walizungumza kwa kunong'ona hata wanapoulizana habari za nyumbani.

Asubuhi moja askari waliingia ghalani kwa akina Saidi wakakuta karatasi za kuipinga serikali zimefichwa chini ya magunia ya mchele. Nani aliziweka? Mpaka leo sijui. Wakawachukua makarani wote watatu.

Nilikuwa na mimba ya miezi minane. Mama akatuma neno nirudi haraka. Sikurudi... Ningemwachaje mume wangu gerezani bila mtu wa kumpelekea hata wali? Nikajiambia kwamba wanawake wengi huzaa mbali na mama zao na hawafi. Mama mwenyewe asingeweza kunifuata, maana alikuwa ameanguka ngazini akavunjika mguu, na miezi ile alikuwa wa kulala tu.

Sasa niwaeleze habari za Zainaba.

Zainaba alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta, mwenyeji wa Moroni, tuliyelingana naye umri. Alikuwa na mtoto wa kiume mchanga, Kamal. Mumewe alikuwa askari wa hao wazungu, na kwa sababu hiyo watu wa mtaa walimsalimia Zainaba kwa adabu na kumkwepa kwa adabu. Mimi pia nilimkwepa. Lakini siku tatu mfululizo nilipofika gerezani na sufuria yangu nikarudishwa nayo ikiwa imejaa, ni yeye aliyenifuata uani. Aliniambia mumewe angeweza kumfikishia Saidi chakula, na kwamba nisiwe na hofu.

Na kweli alimfikishia! Lazima niseme haki. Sufuria ilirudi tupu. Siku moja ilirudi pamoja na shati la Saidi la kufua, na nilipolinusa nikajua yu hai. Nililia nikiwa nimelikumbatia. Tangu siku hiyo Zainaba akawa dada yangu.

Uchungu uliponishika ni yeye aliyenipeleka hospitali. Nilijifungua msichana mzuri, mwenye nywele nyingi. Nikamwita Nasra, na jina hilo likapelekwa kwa baba yake kwa mdomo wa askari.

Siku ya tatu maziwa yakaja.

Jamani... wengine husema maziwa ni baraka, na ni kweli, lakini yangu yalikuja kama mafuriko. Matiti yalijaa mpaka yakawa magumu kama mawe, ngozi ikang'aa, mikono nikashindwa kuishusha ubavuni. Mtoto akilia nyumba ya tatu, maziwa yalinitiririka. Kila asubuhi godoro lilikuwa limelowa, na chumba kizima kilinuka maziwa yaliyochacha.

Na Nasra hakuweza kunyonya! Titi lilikuwa limejaa mno, na mdomo wake ulikuwa mdogo. Alishika ncha ya chuchu tu, akaibana kwa ufizi. Maumivu yale siwezi kuyaeleza. Nilikunja vidole vya miguu, nikauma upindo wa leso nisipige kelele. Baada ya wiki moja chuchu zote mbili zilikuwa zimepasuka, na siku moja mtoto alicheua maziwa yenye rangi ya damu. Na akifanikiwa kuvuta, maziwa yalimrukia kooni kwa nguvu. Anapaliwa, anakohoa, anageuka mwekundu, anajikunja mgongo na kulikataa titi huku akilia kwa njaa. Umewahi kumwona mtoto anayelia kwa njaa huku maziwa yanamdondokea shavuni?

Nilifika mahali nikawa namwogopa mwanangu. Ndiyo, nasema kweli. Akianza kujinyoosha kuamka, moyo wangu ulidunda kwa hofu.

Wanawake wa mtaa walikuja kunitazama. Mmoja alisema maziwa yangu ni makali, mwingine akasema nimetupiwa jicho. Hakuna hata mmoja aliyekaa chini akatazama jinsi mtoto anavyoshika titi. Nami sikumwambia mtu kwamba inauma kiasi kile. Niliona aibu. Mwanamke gani anashindwa kunyonyesha, kitu ambacho hata paka anakiweza? Katika barua mbili za kwanza nilizomwandikia mama nilisema mimi na mtoto hatujambo. Uongo mtupu.

Katika wiki ya tatu Zainaba aliingia kwangu na Kamal mikononi. Mtoto huyo alikuwa na miezi mitatu na ushee lakini miguu yake ilikuwa kama ya ndege. Zainaba aliugua homa kali baada ya kuzaa, maziwa yakamkauka, na maziwa ya kopo yalikuwa yakimwendesha mtoto tumbo kila mara. Alisimama mlangoni, akaona kanga yangu imelowa kifua kizima.

Akasema kwa sauti ya chini, "Dada, wewe unamwaga, na mimi sina. Nisaidie mwanangu."

Ningesema nini? Mumewe ndiye aliyembebea mume wangu chakula. Na hata kama isingekuwa hivyo, yule mtoto alikuwa na njaa. Nikampokea.

Kamal alifungua mdomo wake mkubwa, akalikamata titi, akavuta... na hakuniumiza! Nilikaa nikisubiri maumivu, hayakuja. Titi likalegea, mabega yakashuka, nikapumua kwa mara ya kwanza tangu nijifungue. Nilimtazama yule mtoto nikampenda papo hapo.

Hapa ndipo penye dhambi yangu, wasomaji. Baada ya siku chache nilikuwa namsubiri Kamal. Nilimpenda kwa sababu hakuniuma. Mwanangu akilia nilisema moyoni, ngoja kwanza, Kamal aje apunguze, kisha nitakupa wewe. Zainaba alimleta mara nne, mara tano kwa siku. Na sikujua kwamba kadiri titi linavyokamuliwa ndivyo linavyotengeneza zaidi! Kila alipomaliza nilipata nafuu kidogo, kisha mafuriko yakarudi makubwa kuliko jana. Nasra akazidi kupaliwa, akazidi kukataa, na mbavu zake zikaanza kuonekana.

Ndipo Zainaba aliponishauri nimpumzishe Nasra na titi mpaka vidonda vyangu vipone. Alikuwa na makopo ya maziwa ya Kamal yaliyobaki, na chupa. Ushauri ule ulinipendeza. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na homa, niliutaka sana.

Sisi wa Mutsamudu tumezoea maji ya mto. Moroni hakuna mto. Watu hunywa maji ya mvua yaliyokusanywa katika birika la kujengwa uani, na msimu ule birika letu lilikuwa limebaki na maji ya chini kabisa. Nilijua kwamba yanapaswa kuchemshwa. Mara nyingi niliyachemsha. Mafuta ya taa yalipokosekana, niliyapasha moto kidogo tu juu ya makaa, nikakoroga maziwa, nikampa. Nasra alimaliza chupa bila kukohoa, akalala. Nikamshukuru Mungu kwamba nimepata dawa!

Lakini kitu fulani ndani yangu hakikutulia. Nikaandika barua ya tatu, na hiyo ilikuwa ya kweli. Nilimwambia mama kila kitu: vidonda, mafuriko, mtoto kupaliwa, Kamal, chupa. Nilimwomba anieleze la kufanya. Barua nikampa mwanamke mmoja mfanyabiashara aliyekuwa akileta shiromani kutoka Nzwani, zile nguo za kujitanda za wanawake wa kwetu, akauze Volo Volo. Aliahidi kuifikisha mkononi.

Nikasubiri jibu. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu... Nikaamini mama amenikasirikia kwa kutomtii. Nikasema, basi, nimejitakia mwenyewe.

Nasra alianza kuharisha siku ya Jumanne. Siku ya Jumatano macho yalikuwa yameingia ndani. Alhamisi asubuhi nilimfunga kifuani nikatoka mbio kwenda hospitali, nikakuta barabara imezuiwa na askari, kuna msafara wa wakubwa unapita. Nikamwonyesha askari mtoto. Aligeuza uso pembeni, akaniambia nizunguke. Nilizunguka kwa vichochoro, jua linachoma, maziwa yananitoka mpaka kiunoni, na mwanangu kifuani hana hata nguvu ya kulia.

Walimtafuta mshipa wa kumtia maji. Hawakuupata. Walijaribu mkononi, mguuni, kichwani. Adhuhuri ilipoadhiniwa, Nasra wangu alikuwa amekwisha kwenda.

Walipokuwa wakimwosha, maziwa yalinitoka. Mwili haukujua... Mwili ulisikia mtoto wa mtu analia nje, ukafungua.

Nilikaa siku mbili bila kula wala kusema, kifua kimekuwa jiwe, homa imepanda. Siku ya tatu Zainaba aliingia, hakunitazama usoni, akamweka Kamal mapajani pangu akatoka. Nilimnyonyesha yule mtoto machozi yakimdondokea kichwani. Nikadhani Zainaba ananihurumia. Nikamwona ni mwema kupita kiasi!

Siku ya nane mama alifika kwa ndege ndogo, akitembea kwa fimbo. Alinikumbatia kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, taratibu, bila ukali, kwa nini sikufanya alivyonieleza.

Nikamuuliza amenieleza lini.

Mama hajui kuandika herufi za Kizungu. Barua yangu alisomewa na mtoto wa jirani, na siku ileile aliomba redio kaseti ya watu, akakaa akajirekodi upande mzima wa kanda. Alimkabidhi yuleyule mama wa shiromani. Na mama huyo tulipomfuata sokoni kumuuliza, alisema bila kusita kwamba alifika kwangu akakuta nimefunga mlango, nimekwenda gerezani, akamwachia jirani, mke wa askari, na jirani akaapa kunipa.

Tulikwenda kwa Zainaba mimi na mama. Alikuwa anapepeta mchele. Alipoona fimbo ya mama alielewa. Hakukana. Aliingia ndani, akatoka na kanda imefungwa kitambaa, akaitia mwenyewe kwenye redio yake.

Sauti ya mama ikatoka, na mama mwenyewe akiwa amekaa pembeni yangu.

"Mwanangu, usikubali mtoto ashike ncha peke yake. Kabla hujampa, kamua kidogo mpaka ile nguvu ya kwanza ipungue. Kisha lala chali, mweke juu yako, usubiri mpaka afungue mdomo wote. Mpe titi moja tu mara mbili, tatu, lile la pili liache, weka kitambaa cha maji baridi. Na huyo mtoto wa jirani, mwache kwa sasa. Kila ukimpa maziwa yatazidi. Chupa itupe. Siku nne, tano, utaona..."

Zainaba akaizima.

"Niliisikiliza kwa kutaka kujua tu," alisema. "Nikamsikia anasema umwache mwanangu. Kamal alikuwa ameanza kunenepa, dada. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kunenepa. Nikasema nitakupa kesho. Kila siku nilisema kesho."

Nilimuuliza kama alimwona Nasra akikonda.

"Nilimwona," alisema.

Nami sikumpiga, sikumtukana. Nilitaka, lakini ningeanzia wapi? Nilijua kwamba mimi pia nilimwona akikonda, na mimi ndiye niliyemsubirisha mwanangu ili nimnyonyeshe wake.

Wakati huo Kamal akaamka mkekani akaanza kulia. Na maziwa yangu, bila kuniuliza, yakashuka. Kanga ikalowa mbele ya macho yao wote. Zainaba aliinamisha kichwa. Hakuthubutu kumchukua mtoto wala kuniomba. Nilisimama kuondoka. Nilikuwa nimefika mlangoni mama aliponishika mkono.

"Mpe," alisema. "Yeye hakuificha kanda."

Nilirudi, nikaketi, nikampa. Nilimnyonyesha mpaka akashiba, na mama yake nikampa mgongo. Tukakaa Moroni wiki tano zaidi tukimsubiri Saidi, na wiki zote hizo nilimnyonyesha Kamal, mama akinionyesha kumpunguzia siku hadi siku, huku naye akizoea uji na maji yaliyochemshwa sawasawa. Na mume wa Zainaba aliendelea kubeba sufuria ya Saidi. Mimi na Zainaba hatukusemezana tena.

Saidi alitoka akiwa amekonda, ndevu zimemjaa. Hakuwahi kumwona mwanawe hata siku moja. Aliniuliza swali moja tu, alifanana na nani. Nikamwambia alifanana na yeye. Tukafungasha tukarudi Mutsamudu.

Zainaba ameniandikia mara mbili kuomba radhi. Barua ya pili aliandika baada ya mamluki kuondoka, mumewe akiwa amebaki bila kazi, na alisema Kamal anasoma vizuri. Kwa sheria ya dini yetu Kamal ni mwanangu wa kunyonya, ndugu wa wanangu. Huyo simchukii, humwombea dua. Mama yake sijamjibu. Watu huniambia nisamehe. Labda nitaweza, labda sitaweza. Sitaki kuwadanganya tena.

Miaka mitatu baadaye nilijifungua mtoto wa pili, hapahapa, katika chumba nilicholala nikiwa msichana. Siku ya tatu maziwa yakaja vilevile, kwa fujo ileile. Mtoto akashika ncha, akabana, maumivu yakanipanda mpaka utosini. Safari hii sikuuma leso. Nilipiga kelele mtaa mzima wakasikia.

Mama akaja na fimbo yake. Akanilaza chali, akakamua kidogo kwa vidole vyake, akamweka mtoto juu yangu, akasubiri. Mtoto akafungua mdomo. Mama akamsogeza. Tulianza baada ya swala ya alasiri, na kabla ya magharibi mtoto alikuwa ananyonya bila kuniumiza, amefumba macho, anameza.

Alasiri moja tu, wasomaji wenzangu! Nililia mpaka mama akadhani bado inauma. Sikuwa nalia kwa maumivu. Nilikuwa nahesabu wiki kumi na moja za Nasra, na alasiri zote zilizokuwamo ndani yake.

Nawasihi ninyi mnaotarajia kuzaa, hasa mlioolewa mbali. Ikiuma, semeni siku ileile. Mwambieni mama, mwambieni mkunga, mwambieni mwanamke yeyote aliyewahi kunyonyesha, na mtu akija msimkubalie asimame mlangoni akitoa maneno. Mwambieni akae chini atazame mdomo wa mtoto. Msiseme hamjambo ilhali mna vidonda. Nanyi mnaopita kumtazama mzazi, acheni habari za jicho na maziwa makali. Ingieni, naweni mikono, mkae naye. Mimi nilikuwa na wanawake wa mtaa mzima waliokuja kumwona mtoto wangu... na hakuna aliyekaa.